Gunia Lililofika na Magunzi

Debra alirudi Asembo Bay Ijumaa asubuhi, baada ya siku kumi Homa Bay kwa binti yake aliyejifungua. Kabla hajafika kwake alipitia kwa jirani, Mzee Obonyo, kumsomea simu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao ya asubuhi tangu Awuor, mke wa Obonyo, afe. Obonyo hajui kusoma. Anajua nyavu.

Alimkuta kwenye kigoda, uzi wa kijani magotini, anashona mdomo wa gunia kwa kijiti chake cha nyavu.

"Jaduong', mzee wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka. Mtoto?"

"Msichana. Akilia, Homa Bay nzima inajua. Lete simu."

Obonyo akaitoa mfuko wa shati, kwenye nailoni yake. Simu ilikuwa ya Awuor, laini ya Awuor, na duka lililokuwa ndani ya simu lilikuwa la Awuor. Picha ya duka ni yeye, kitambaa cha manjano kichwani, anacheka na mtu asiyeonekana. Mtu huyo ni Obonyo, alikuwa amesimama kando siku ile.

Biashara yenyewe haina mambo mengi. Mteja wa Kisumu anaagiza samaki, ngege wa kukausha, analipa. Obonyo anashona gunia. Makanga wa gari la asubuhi analishusha Otonglo, kwenye stoo ya mizigo, na kutoka pale bodaboda anamfikishia mwenyewe. Miezi saba sasa Obonyo alikuwa akiiendesha hivyo, na wateja aliwajibu kwa sauti tu. Aliyeandika alimsubiri Debra.

Debra akasoma. Midomo ilikuwa inacheza, sauti haikutoka. Kisha akakaa chini.

"Huyu Safa wa Migosi. Ulimtumia gunia?"

"Ijumaa iliyopita. Ngege arobaini."

"Ameandika mara kumi na nne."

"Sijaona."

"Umeona, Jaduong'. Umefungua zote. Tazama alama hizi mbili za buluu. Kwake inaonyesha umesoma, ukanyamaza."

Ni kweli Obonyo alifungua. Ukimtumia mtu sauti, pembeni ya ile sauti hukaa picha yako, ndogo kama kifungo cha shati. Kwenye sauti za Obonyo aliyekaa pale alikuwa Awuor. Basi simu ikilia alikuwa anafungua, anayapita maandishi kama mtu anayepita nyasi, anamtafuta. Hilo hakumwambia Debra. Angelisemaje?

"Anataka nini?" akauliza.

Debra akaanza na ule ujumbe wa kwanza. "'Mama Awuor, salaam. Gunia limefika leo lakini ndani si samaki.' Huo wa Jumamosi. Halafu, 'Mama, nimefungua mbele ya wakwe. Ni magunzi ya mahindi na jiwe, na ngege wawili juu ya kunidanganya.' Halafu, 'Naona unasoma na hunijibu.' Halafu..." Debra akaruka ujumbe kadhaa. "Halafu anakuita mwizi."

"Mimi?"

"Yeye. Awuor. Na wa mwisho, wa jana: 'Nimekupeleka kwa admini. Kesho saa kumi uso wako unapanda.'"

Kijiti cha nyavu kikasimama.

Obonyo alijua maana yake. Wanunuzi na wauzaji wa Kisumu na pwani yote ya ziwa wana kundi lao kwenye simu, watu mia nane. Kila Ijumaa saa kumi msimamizi wao, mama mmoja wa mjini aitwaye Khadijah, huweka orodha ya wezi: picha, jina, namba, na maandishi mekundu juu ya uso. Wiki nzima hukaa pale juu, kila anayefungua anaanza na hapo. Awuor mwenyewe alikuwa akimwonyesha nyuso hizo. Alikuwa anasema, tazama huyu, amevaa hadi tai, na samaki wa watu amekula.

"Awuor yuko pale," Obonyo alisema, akaelekeza kidevu upande wa kushoto wa nyumba, kwenye kaburi ambalo saruji yake bado ilikuwa nyeupe. "Watamwekaje kwenye wezi?"

Debra alikuwa ameshapiga simu kwa Khadijah, akaiweka kwa sauti kubwa.

"Sheria ni siku tano," Khadijah alisema. "Siku tano ameona malalamiko na hajajibu. Unataka nifanyeje?"

"Mwenye duka ni marehemu, dada yangu. Ni mzee wake anayeuza."

"Wote husema hivyo. Juzi kuna mmoja alijitangaza amekufa kwa simu, jioni nikakutana naye sokoni Kibuye akinunua viatu." Akakohoa. "Na kama ni kweli amekufa, basi mnauza kwa uso wa marehemu. Hilo nalo ni zuri?"

Obonyo akalitazama kaburi.

"Nipeni ushahidi kwenye kundi kabla ya saa kumi," Khadijah alimaliza. "Saa kumi na dakika moja mimi sipo."

Obonyo akasimama, akavaa kofia. Kijiti cha nyavu akakitia mfukoni bila kufikiri, kama mtu mwingine anavyochukua funguo.

"Nikusindikize?" Debra akauliza.

"Ngege wako juani. Wageuze."

Saa sita alikuwa Otonglo.

Stoo ile ni ya nafaka, mizigo ni nyongeza tu. Mlangoni wanawake watatu walikuwa wakipukuchua mahindi, miguu imenyooshwa. Ndani, mshika stoo, jina lake Opondo, mwanaume mchangamfu wa miaka thelathini na kitu, alikuwa anashona gunia la mahindi kwa sindano ndefu. Obonyo akatazama ile mikono. Mikono inayoshona hawezi kuiacha bila kuitazama.

"Karibu, Mzee wangu! Gunia ya Asembo? Hiyo naikumbuka. Ilifika Ijumaa, ikalala hapa, Jumamosi asubuhi boda akabeba. Iko kwa kitabu." Akakifungua mbele yake. "Ona hapa. Imepokelewa sawa, imetoka sawa."

Obonyo alikitazama kile kitabu kama mtu anavyotazama ukuta.

"Mdomo ulikuwa sawa?"

"Sawa kabisa! Fundo tisa, zote ziko. Nilihesabu mwenyewe." Opondo akafunga kitabu, akashusha sauti, akawa mpole. "Mzee, usikasirike. Kama mdomo haijaguswa, basi makosa haiko kwa barabara. Iko nyumbani. Huyo mama yetu naye ni binadamu, pengine siku hiyo samaki ilikuwa kidogo..."

Damu ikampanda Obonyo mpaka masikioni. Aliweka mkono mfukoni, akashika kijiti, akakishika sana.

"Asante," alisema, akatoka.

Alipokuwa juu ya pikipiki ya yule boda aliyelipeleka gunia, kuelekea Migosi, ndipo neno lile lilimrudia. Mafundo tisa. Ni kweli huwa tisa. Lakini ni nani huhesabu mafundo ya gunia la mtu? Miaka arobaini na moja ya ndoa, aliyewahi kuyahesabu ni Awuor peke yake, tena kwa kumcheka.

Safa alimfungulia lango nusu. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, hijabu ya buluu, macho ya mtu ambaye wiki hiyo hakulala vizuri.

"Wewe ni nani?"

"Mume wa Awuor. Wa samaki."

"Aa. Yeye ameona aibu kuja mwenyewe?"

"Amekufa."

"Lini?"

"Miezi saba."

"Miezi saba!" Safa akafungua lango lote ili aweze kupaza sauti vizuri. "Mzee, mimi nimeagiza kwake wiki mbili zilizopita. Akanijibu. Nimenunua kwa maiti?"

"Ulisikia sauti ya nani?"

"Ya mwanaume. Nilidhani ni mfanyakazi wake."

"Ni mimi."

"Basi mwizi ni wewe, si yeye."

"Afadhali," Obonyo alisema.

Safa hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo. Akamtazama yule mzee, kofia mkononi, vumbi la barabara hadi kwenye nyusi, akamwambia aingie. Lakini hasira haikumtoka. Akiwa amesimama alimweleza. Mdogo wake anaolewa. Wakwe walikuja kutoka Mumias, wamejaa sebule nzima, na yeye, kwa kujisifu, akasema gunia lifunguliwe pale pale waone ngege wa Asembo walivyo.

"Magunzi yakabiringika mpaka miguuni kwa mkwe wetu. Akaokota gunzi moja, akaligeuza. Unajua aliniambia nini? 'Samaki wenu hawa wametolewa mifupa?' Watu wote wakacheka. Mama yangu akaenda jikoni, hakutoka tena."

Siku nyingine Obonyo angecheka. Alisema, "Pole, mama," na alisema kweli.

"Pole haifuti. Nimeandika siku tano. Unasoma, unanyamaza. Unasoma, unanyamaza."

"Sijui kusoma."

"Sasa ulikuwa unafungua nini?"

Akafikiria kudanganya. Lakini alikuwa amechoka, na muda ulikuwa unakwenda.

"Kuna picha yake pale. Pembeni ya sauti. Nafungua kuitazama."

Safa akakaa chini, polepole. Mtaani mtu alikuwa akipigilia mabati.

"Gunia liko?" Obonyo akauliza.

"Liko. Ni ushahidi wangu."

Akalileta. Mafundo tisa ya kijani yalikuwa bado yananing'inia upande mmoja wa mdomo, pale Safa alipopitisha kisu. Yalikuwa ya Obonyo, hapana ubishi. Hata yeye roho ilimshuka alipoyaona.

"Unaona?" Safa alisema. "Mimi mwenyewe nilikata. Mdomo ulikuwa mzima. Kwa hivyo aliyetia magunzi ndiye aliyeshona."

Obonyo akafumba macho, akalipitisha gunia mikononi kama anavyopitisha wavu kutafuta tundu, kidole kwa kidole, mshono wa ubavu, kona, mshono wa chini. Pale akasimama. Akafumbua macho.

Chini, ambako kiwanda hushona kwa uzi mweupe mwembamba, kulikuwa na uzi mwekundu. Umekunjwa mara mbili. Mshono mrefu, mshono mfupi, mrefu, mfupi. Na mwisho haukufungwa fundo; ncha ilirudishwa ndani ya mshono mara tatu, ikakatwa. Haikukatwa kwa kisu, ilikatwa kwa meno. Ilikuwa imetafunika.

"Mimi sishoni chini," alisema.

Safa akainama, akatazama. "Nimelikunja siku zote hizi sijaona." Kisha akajinyoosha. "Lakini inaweza kuwa ulifungua chini wewe mwenyewe, Mzee."

"Inaweza."

"Hujitetei?"

"Saa ngapi?"

"Nane na nusu."

"Twende Otonglo. Nikienda peke yangu, nikirudi nitakuwa na maneno tu. Wewe ndiye uliyeibiwa. Njoo uone kwa macho yako."

Safa alitazama simu, akatazama gunia. Akalikunja, akalitia kwenye kikapu chake.

Walifika saa tisa na robo. Wanawake walikuwa bado pale, lundo la magunzi limewafika viunoni. Safa akaliona lile lundo, akafungua mdomo. Obonyo akamgusa kiwiko, Safa akaufunga.

"Mzee umerudi!" Opondo alisema.

"Nimerudi. Nipe gunia tupu, nanunua."

Akapewa. Obonyo akaligeuza juu chini, akatoa kijiti chake, kwa ncha yake akafumua mshono wa chini, wote.

"Eh! Unaharibu ya nini?"

"Vidole vimezeeka. Nishonee hapa chini. Nitakulipa kazi yako."

Opondo akacheka. Alikuwa mtu anayependa kuonwa akifanya kazi. Akachukua sindano, akavuta uzi mwekundu, akaukunja mara mbili. Mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Mikono ilikuwa mepesi, huku anaongea habari za bei ya mahindi. Mwisho akarudisha ncha ndani mara tatu, akainama, akaikata kwa meno.

"Haya, Mzee. Hiyo haifunguki mpaka Yesu arudi."

"Mama," Obonyo alimwambia Safa. "Toa lako."

Safa akalitoa, akalilaza sakafuni karibu na lile jipya, chini kwa chini.

Mahindi yakaacha kudondoka. Mmoja wa wale wanawake, Nasipwondi, mnene mwenye sauti ya kanisani, akajivuta akaja kutazama.

"Opondo," alisema, "hii mkono ni yako."

"Kila mtu Otonglo anashona hivi!"

"Mimi nashona hivi? Mimi nafunga fundo kama Mkristo." Akapiga kofi pajani. "Na wewe! Jumamosi si uliniuzia ngege nane? Ulisema ni za shemeji yako wa Asembo! Nikakuombea Mungu akubariki na huyo shemeji!"

"Mama Nasipwondi, nyamaza..."

"Sinyamazi! Nimekula samaki ya wizi na watoto wangu, na nimetoa shukrani mezani!"

Opondo akamgeukia Obonyo. Uchangamfu ulikuwa umemtoka wote. "Mzee, tuongee kando. Samaki nitalipa. Yote."

"Samaki utamlipa huyu mama. Mimi naongea hapa." Obonyo akatoa simu kwenye nailoni, akamwelekezea. "Sema ulivyofanya. Kwa sauti."

"Kwa kundi? Mzee, nitafukuzwa!"

"Saa ngapi?" Obonyo akauliza, bila kumwondolea Opondo macho.

"Kumi kasoro dakika kumi na tano," Safa alisema.

"Mke wangu amekufa," Obonyo alimwambia Opondo. "Hawezi kuja hapa kukataa. Saa sita ulisema ni yeye aliyeiba. Sasa sema tena, yeye yuko hapa." Na akamwonyesha ile picha.

Opondo aliitazama picha, akatazama mlango. Nasipwondi alikuwa amejaa mlango wote.

Dakika zikapita. Mtu alikuja kuulizia mzigo wake, akasoma nyuso, akarudi barabarani.

"Kasoro tano," Safa alisema.

Opondo akasema. Alisema vibaya, kwa kukatakata, lakini alisema: jina lake, stoo, gunia, chini, magunzi. Safa akaichukua simu ya Obonyo, akaongeza sauti yake juu ya ile, akapiga picha ya magunia mawili, akatuma. Kimduara kikazunguka kwenye simu. Kikazunguka. Mtandao wa Otonglo mchana ni wa kubahatisha. Safa akatoka nje, akainua simu juu, akarudi, akatoka tena.

Saa kumi ikagonga. Simu ya Safa ikalia.

Awuor alikuwa pale. Kitambaa cha manjano, kicheko kile kile, na juu ya paji la uso maandishi mekundu. Obonyo hakuhitaji kusomewa. Hakuwahi kumwona mkubwa hivyo kwenye simu ya mtu mwingine. Akavua kofia.

"Mpigie," Nasipwondi alifoka. "Mpigieni huyo admini!"

Safa alishapiga. Haikushikwa. Akapiga tena. Mara ya nne Khadijah akashika, na Safa hakumpa nafasi ya kusalimu. "Fungua sauti niliyotuma, imefika sasa hivi. Mlalamishi ni mimi. Mimi! Nasema toa!"

Ilichukua dakika kumi na moja. Kisha ile picha ikatoweka, na Khadijah akaweka sauti yake: kosa limefanyika, mwenye duka hana hatia, samahani kwa familia.

"Wameona wangapi?" Obonyo akauliza.

Safa akatazama. "Mia mbili na kumi."

Obonyo akaichukua simu yake, Safa akamfungulia lile kundi. Akabonyeza pale anapobonyeza siku zote, akaleta simu karibu na mdomo.

"Mimi ni Obonyo wa Asembo Bay. Awuor alikuwa mke wangu. Alikufa mwezi wa tatu. Tangu siku hiyo anayeuza ni mimi, sikuwaambia. Mkiwa na neno, semeni nami, kwa sauti, sijui kusoma. Yeye hakuchukua cha mtu."

Akaachia kidole. Sauti ikaenda kwenye kundi.

Ilikuwa mara ya kwanza kuliweka neno 'alikufa' kwenye simu ile. Alikaa juu ya gunia la mahindi, na wanawake wakamwacha akae.

Jumamosi asubuhi Debra alikuja. Simu ilikuwa imejaa pole, na karibu zote ni za sauti. Walizisikiliza zote. Moja ilikuwa ya mama yake Safa, amecheka ndani yake, anaagiza ngege arobaini wengine, wakwe wanarudi.

Zilipoisha, Obonyo akasema, "Toa picha yake."

"Dukani?"

"Uso wake usikae tena mahali mtu anaweza kuuchukua akauandika."

Debra alishika simu, hakubonyeza. "Nikitoa, itatoka kila mahali, Jaduong'. Hata pembeni ya sauti za zamani."

"Zote?"

"Zote."

Obonyo akatazama upande wa kushoto wa nyumba. Kuku alikuwa anatembea juu ya saruji. Akamtupia kijiwe, kuku akashuka.

"Toa," alisema.

Debra akabonyeza. Obonyo akavuta gunia jipya la kina Safa, akaanza na upande wa chini. Akafumua uzi wa kiwanda, akautupa, akashona kwa uzi wake wa kijani, fundo baada ya fundo. Yalipofika tisa akageuza gunia, akaanza kutia ngege.

"Hesabu," alimwambia Debra.